Fedha za Halmashauri kwa Makazi na Huduma za Wazee: Zinapitia Wapi?

Kila masika yanapokaribia, viongozi wa kata huulizwa swali lilelile: Je, Halmashauri haiwezi kulisaidia shirika la kijamii linaloezeka nyumba za wazee na kuwahudumia majumbani mwao? Jibu linalosikika mara nyingi vijiweni ni fupi: "Waombe asilimia kumi." Jibu hilo halijitoshelezi. Shirika linalolifuata bila kuuliza laweza kupoteza mwaka mzima, huku mzee akiendelea kulala chini ya paa linalovuja.

Asilimia kumi ni mkopo

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinazitaka Halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kwa mfano, mapato yanayohusika yakiwa shilingi bilioni 2, zitatengwa shilingi milioni 200: milioni 80 kwa wanawake, milioni 80 kwa vijana na milioni 40 kwa watu wenye ulemavu.

Wazee hawakutajwa kuwa kundi linalojitegemea katika mgawanyo huo. Zaidi ya hapo, mkopo hurejeshwa. Kikundi cha ufugaji kitauza kuku na kulipa deni. Nyumba ya mjane asiye na kipato haizalishi marejesho. Kukopa ili kuijenga ni kuwatwisha deni wale waliotaka kumsaidia.

Fungu ndani ya bajeti

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Inasisitiza pia kwamba matunzo yake yaanzie katika familia na jamii, na kwamba kumpeleka katika makazi ya kulelea wazee kuwe hatua ya mwisho. Shirika linalokarabati nyumba ya mzee palepale kijijini kwake linaitekeleza sera hiyo. Kazi yake yahitaji mchango usiorejeshwa, na mchango huo lazima uwe umepangwa katika bajeti inayopitishwa na Baraza la Madiwani.

Hapa ndipo wengi wanapochelewa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge huanza kujadili bajeti mwezi Aprili. Hoja inayoletwa mwezi Mei, kuta zikiwa zimekwisha kubomoka, hukuta mpango umefungwa. Wakati wake ni miezi ya mwisho ya mwaka, vijiji na mitaa inapoibua vipaumbele vyake.

Njia huanzia katika mkutano mkuu wa kijiji au mkutano wa mtaa. Hoja ikikubaliwa, iandikwe katika muhtasari. Kutoka hapo huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo Diwani ni mwenyekiti wake, kisha kwa wataalamu wa Halmashauri na kamati za kudumu, na hatimaye kwenye Baraza. Hoja isiyoandikwa kijijini ni rahisi kusahaulika kabla ya kufika huko.

Shirika lijiandae vipi?

Liwe limesajiliwa kisheria, liwe na akaunti ya benki, na liwe na taarifa za mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Lioneshe idadi ya wazee, hali ya kila nyumba, gharama za vifaa, na mchango wa wananchi wenyewe, kama vile mchanga, mawe, tofali na nguvu kazi. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndiye wa kwanza kuonwa.

Jambo moja husahauliwa: nyumba itakuwa ya nani mzee akishafariki? Ikijengwa katika kiwanja chake, familia itatarajia kuirithi. Shirika nalo laweza kutarajia kumhamishia mzee mwingine. Makubaliano yaandikwe kabla ya msingi kuchimbwa, yashuhudiwe na serikali ya kijiji au mtaa, na mzee mwenyewe asikilizwe. Ugomvi juu ya nyumba moja waweza kuwavunja moyo wafadhili wa nyumba kumi.

Fungu si fedha mkononi

Kupitishwa kwa bajeti hakumaanishi kwamba fedha zimekwisha kupatikana. Mapato ya ndani hutokana na ushuru, ada na leseni zinazolipwa katika wilaya. Makusanyo yakipungua, miradi hucheleweshwa. Kwa hiyo wananchi wana wajibu wa aina mbili: kulipa wanachopaswa na kudai stakabadhi, kisha kuuliza katika mikutano ya robo mwaka ni kiasi gani kimetolewa, kimetumika wapi, na ni nyumba ngapi zimekamilika.

Ndugu mkazi, katika mkutano ujao, usiseme tu kwamba wazee wana shida. Eleza ni wazee wangapi, wanaishi kitongoji gani, wanahitaji nini na kwa gharama ipi. Kisha, kabla mkutano haujafungwa, hakikisha Mtendaji ameyaandika hayo.