Nani Anamlipa Mbwa Avute Kamba?

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, uwanja wa shule au wa ofisi ya kijiji hujaa watoto kuliko watu wazima. Wamekuja na kila aina ya kamba: katani, manila, mnyororo wenye kutu, hata waya wa umeme uliokatwa. Nusu ya mbwa wanawavuta watoto, kifua mbele, ulimi nje, wanakoroma kwa kukabwa. Nusu nyingine wamekita miguu ardhini na wanaburutwa. Wawili wakikutana uso kwa uso, foleni inavunjika, na mwenye sindano inabidi asogee kando asubiri vumbi litulie.

Mjini mtu humfundisha mbwa kutembea kwa kamba ili watembee wote jioni. Huku wilayani Ngara na Biharamulo hakuna anayemtembeza mbwa; mbwa hujitembeza mwenyewe. Huku kamba ina kazi moja kubwa, nayo ni kumfikisha mbwa kwenye chanjo. Kichaa cha mbwa, ambacho kwa makadirio yanayotajwa sana huua Watanzania wapatao 1,500 kwa mwaka, huzuilika kwa kuchanja mbwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa ili ugonjwa ukose njia ya kupita. Sasa muulize mtu aliyemwacha mbwa wake nyumbani siku ile, kwa nini hakumleta. Mara nyingi jibu ni neno moja: hashikiki. Anayebaki nyumbani ni yule mkubwa, mkali, mlinzi wa zizi. Na huyo ndiye anayeuma.

Tusimlaumu mbwa haraka. Mbwa wa ukanda huu wa maziwa makuu hakufugwa ili atembee ubavuni mwa mtu. Wa kuwinda alifungwa kengele shingoni akatangulia porini, mwindaji akafuata mlio. Wa machungani huzunguka pembeni mwa ng'ombe anavyoona yeye. Wa kulinda nyumba hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, akafanya doria bila kuongozwa na mtu. Katika kazi zote hizo mbwa ndiye anayechagua hatua zake. Kamba anaijua kwa mambo mawili tu: kufungwa kwenye nguzo, na kupelekwa kuchomwa sindano. Ukimvalisha asubuhi ya chanjo ukategemea atembee kwa adabu, umemtungia mtihani wa somo ambalo hajawahi kulisikia.

Kuna sababu nyingine za kimwili. Mwendo wa kawaida wa mbwa ni wa haraka kuliko wa binadamu, kwa hiyo hata asipokuwa na papara, yuko mbele yako. Pua yake ina vipokea-harufu mamia ya milioni, na yako ina milioni chache tu. Kila kichaka cha njia ya Rulenge kina habari ambayo wewe huioni. Tena mwili wa mnyama ukisukumwa upande mmoja hujiegemeza upande wa pili. Mguse mbwa wako begani umsukume taratibu, utaona naye anakusukuma. Ukiikaza kamba nyuma, anakaza mbele.

Lakini sababu kubwa ni malipo. Mbwa ameona kichaka. Anavuta. Wewe unalalamika, unamwita jina, unamtukana, na huku unamfuata. Amefika kwenye kichaka. Kwa hesabu ya mbwa, kelele zako hazikuwa na maana yoyote. Kilichomlipa ni miguu yako. Mmarekani Edward Thorndike aliandika jambo hili mwaka 1898, baada ya kuwafungia paka ndani ya masanduku na kuwatazama wakijifunza kutoka: tendo linaloleta tunda hurudiwa, lisiloleta hufifia. B. F. Skinner, aliyemfuata miaka mingi baadaye na njiwa na panya wake, akaongeza jambo linalopaswa kumtisha kila mwenye mbwa. Tunda likija mara moja moja, bila mpangilio, mnyama hang'ang'anii kidogo; hung'ang'ania zaidi. Maana yake ni kwamba baba akikataa kuvutwa asubuhi, na mtoto akakubali kuvutwa mchana hadi gengeni, mbwa anafundishwa uvumilivu wa kuvuta. Hapo ndipo mafunzo mengi yanapofia.

Njia iliyozoeleka ni kumvuta ghafla shingoni, au fimbo. Naikataa, na sikatai kwa huruma peke yake, ingawa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo ina la kusema juu ya kumtesa mnyama. Naikataa kwa sababu haifanyi kazi tunayoitaka. Shingoni mwa mbwa pana koo la hewa na mishipa mikubwa ya damu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulionesha kuwa mbwa akivuta kwa mkanda wa shingoni, shinikizo ndani ya macho yake hupanda, na akivuta kwa mkanda wa kifuani halipandi kwa namna ile. Baya zaidi ni kile mbwa anachokiunganisha kichwani. Anapomtazama mbwa wa jirani, anasikia maumivu shingoni. Hajui kwamba maumivu yametoka mkononi mwako. Anajua yalikuja alipomwona mbwa yule, au mtoto yule, au baiskeli ile. Baada ya muda anaanza kubweka na kurukia kabla maumivu hayajafika. Wengi wa mbwa tunaowaita wakali wa kamba tumewatengeneza wenyewe.

Tuanze na vifaa. Duka la vifaa vya mbwa halipo, na halihitajiki. Mkanda wa begi la shule lililochakaa, upana wa vidole viwili hivi, unatosha kuwa mkanda wa shingoni. Uache nafasi ya vidole viwili kati yake na shingo. Fundo liwe lile lisilosogea. Kitanzi kinachokaza kila anapovuta ni kitanzi cha kunyongea, hata kiwe cha kitambaa laini. Kamba iwe ya mita mbili hivi. Mnyororo ni mzito, unamchosha na kumpigia kelele masikioni, na mbwa hukata tamaa kabla hajajifunza. Waya usiuguse. Kwa mbwa mwenye nguvu, pitisha mkanda mwingine kifuani mbele ya mabega, na kamba uifunge hapo kifuani badala ya mgongoni: akivuta, mwili wake unageuzwa kukuelekea wewe.

Zawadi ni dagaa. Dagaa mkavu wa Ziwa Victoria ana kila sifa anayoitafuta mkufunzi: ananuka mbali, ni mwepesi mfukoni, anavunjika vipande vidogo, na bei yake inavumilika. Vunja mmoja mara tatu. Ugali wa jana unafaa kwa mbwa mwenye njaa, lakini akishiba ataupuuza. Senene sikushauri, si kwa ajili ya mbwa bali kwa ajili ya amani ya nyumba.

Siku chache za mwanzo usiishike kamba kabisa. Mvalishe mkanda wakati wa kula, uuvue akimaliza. Akiuzoea, ifunge kamba na umwache aiburute uani, wewe ukiwa karibu asije akanasa kwenye kisiki. Anayeogopa kamba hafundishiki kutembea nayo, kwa hiyo hatua hii haina njia ya mkato.

Kisha shika kamba, ndani ya uwanja wa nyumba, alfajiri au jioni, baada ya kumwachia akimbie kwanza. Mbwa aliyefungwa kutwa nzima ana nguvu za siku nzima miguuni. Ukimfungua na kumtaka atembee pole unajitafutia ugomvi. Piga hatua moja. Kama kamba imelegea, sema neno fupi moja, lilelile kila siku, tuseme "safi", kisha mpe kipande cha dagaa kwenye paja lako, upande uleule kila mara. Mahali unapotoa zawadi ndipo mbwa atakapopenda kukaa. Ukimrushia mbele, unamfundisha kwenda mbele. Hatua moja, safi, dagaa. Halafu mbili. Halafu tano. Neno litangulie na litoke papo hapo, kabla tendo halijapita. Dagaa anaweza kuchelewa kidogo, neno haliwezi.

Utaratibu huu si wa wazungu wenye mbwa wa sebuleni peke yao. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya wa mabomu anafungwa mkanda mdogo mwilini, anaongozwa kwenye kamba, anasikia mlio wa kliki akipatia, anapewa ndizi au karanga. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Ikiwa panya anafika huko, mbwa wa Kabanga, huku Ngara, hana kisingizio, wala mwenye mbwa.

Kamba ikikaza, simama. Usimvute, usimwite, usiseme kitu. Miguu yako ndiyo mshahara wake, na sasa mshahara umesimama. Atavuta, atatazama huku na huku, atakaa chini, pengine atalia. Ngoja. Mara atageuka kuona kwa nini safari imekwama, na kamba italegea hata kwa kiasi kidogo. Hapo hapo: safi, na mwendo unaendelea. Mara za kwanza mtasimama sana hadi mpita njia atauliza kama unaumwa. Ni kawaida, na kwa siku mbili tatu kuvuta kunaweza hata kuongezeka, kwa sababu mbwa anajaribu kwa nguvu zaidi mbinu iliyokuwa ikimlipa. Wanaokata tamaa hukata hapo, na kwa kulegeza siku hiyo wanamlipa kwa juhudi kubwa kuliko zote. Kwa anayevuta bila kugeuka kabisa, usingoje. Geuka wewe, rudi ulikotoka, umpe dagaa akikufikia ubavuni.

Kichaka nacho kitumie kama malipo. Mbwa akitembea vizuri hatua kadhaa, mwambie "nenda" na umwachie anuse hadi atosheke. Kunusa ni sehemu kubwa ya maisha yake. Ukimnyima kabisa atakutafutia mwanya. Dakika kumi kwa siku zinatosha, tena ziishe angali anataka. Lakini watu wote wa nyumbani wafuate utaratibu mmoja, na mtoto mdogo asishike kamba ya mbwa aliyemzidi nguvu.

Akitembea uani, mpeleke kwenye njia ya shamba, na mwisho kabisa barabarani. Barabara ya kutoka Nyakanazi kupita Lusahunga na Nyakahura hadi Benaco na Rusumo ni ya malori ya kwenda Rwanda na Burundi, na bodaboda haziishi pembeni yake. Anzia mbali na lami, mahali anapoyaona malori lakini bado anakula dagaa. Akikataa dagaa ambaye unajua anampenda, mmesogea karibu mno, rudini nyuma. Mpita njia mpishe, mbwa akiwa upande wa pili wa mwili wako. Wapo majirani Waislamu ambao mate ya mbwa yakiwagusa yanawapa kazi ya kujitoharisha kabla ya sala, na wapo walioumwa utotoni. Kamba iliyolegea ubavuni mwako ni heshima kwa wote.

Wanaoishi pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 na yenye kilomita za mraba 4,707, wana sababu ya ziada: ugonjwa wa mbwa unaweza kuvuka hadi kwa wanyamapori. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000 hivi, na chanzo kilichotajwa ni mbwa wa vijiji jirani. Mbwa anayekwenda na mtu kwa kamba hafukuzi swala hadi ndani ya mpaka.

Wapo mbwa wanaofundishwa kuvuta, nao wasituchanganye. Mbwa wa kufuata nyayo za majangili huvishwa mkanda wa kifuani na kamba ndefu, na akikamata harufu anavuta mwongozaji wake kwa kilomita nyingi. Mkanda huo ukivuliwa kazi imekwisha, anatembea kwa mkanda wa shingoni bila kuvuta. Mbwa anatofautisha nguo za kazi. Kwa hiyo hata mbwa wako wa machungani hatapoteza ukali kwa kujifunza kamba.

Turudi kwenye sindano yenyewe, maana mbwa anayetembea vizuri bado anaweza kuharibu akifika. Nyumbani, wiki kadhaa kabla, mzoeshe kushikwa: mkono begani, ngozi ya shingo ikivutwa na kubanwa kidogo, kisha dagaa. Mzoeshe pia kitambaa laini kikizungushwa mdomoni kwa muda mfupi, akiwa hana hasira. Siku ya chanjo usijibanze kwenye foleni. Kaa kando, hatua tano au zaidi kutoka kwa mbwa mwingine, na mbwa wako mgeuze ubavu asitazamane na wenzake. Kamba iwe fupi lakini imelegea. Ukiikaza, unamnyanyua kichwa na kifua, na mbwa mwingine anausoma mkao huo kuwa ni changamoto. Ugomvi mwingi wa uwanjani huanzia kwenye mkono wa mtu mwenye hofu. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima.

Mbwa ambaye hata baada ya haya bado haongozeki, usimpeleke uwanjani kwa nguvu. Mwambie mtaalamu wa mifugo wa kata mapema, kabla ya siku yenyewe, apange kumchanjia nyumbani. Na watoto wa mbwa usiwaache kwa kudhani ni wadogo: Shirika la Afya Duniani linaelekeza wachanjwe hata walio chini ya miezi mitatu. Hao ndio wepesi kuliko wote kuzoea mkanda, kwa sababu bado hawajalipwa kwa kuvuta.