Mwalimu Anayesikiliza Machungu ya Watoto Naye Asikilizwe

Mtoto anapodhulumiwa nyumbani, mara nyingi mwalimu ndiye wa kwanza kujua. Humsikiliza, huandika ripoti na kuwasiliana na afisa wa watoto. Kisha kengele hulia, naye hurudi darasani kufundisha hesabu.

Wanasaikolojia wanaeleza kuwa anayesikiliza masaibu kama hayo mara kwa mara anaweza kupata kiwewe, ingawa si yeye aliyedhulumiwa. Hali hii huweza pia kumpata mpishi, matroni wa bweni au mlinzi wa lango, kwani wanafunzi huwaeleza mengi.

Dalili zake

Uchovu wa kawaida hupungua mtu akipumzika. Kiwewe hiki huendelea: usingizi hukatika, kisa cha mtoto humrudia akilini, hasira huwa karibu. Wengine huanza kumkwepa mwanafunzi mwenye shida. Huo si ukatili, lakini humnyima mtoto msaada.

Siri ya mtoto

Walimu wengi hunyamaza wakihofia kutoa siri. Ni kweli kwamba jina na kisa cha mtoto havifai kujadiliwa katika chumba cha walimu. Hata hivyo, mwalimu anaweza kueleza hali yake bila kumtaja mtoto: "Leo nimesikia jambo zito, na moyo haujatulia."

Shule ifanye nini?

• Kesi zisiachiwe mwalimu wa ushauri nasaha peke yake. Wawili au watatu wasaidiane.
• Aliyetoka kusikiliza kisa kizito ashikiwe kipindi kinachofuata.
• Mwalimu mkuu akiulizia ripoti, aulizie pia hali ya aliyeiandika.
• Baada ya moto, mafuriko au kifo cha mwanafunzi, ushauri uwafikie wafanyakazi wote.

Katika vituo vya chekechea, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya kaunti, mwalimu huenda akawa peke yake. Heri walimu wa vituo jirani wapange siku ya kukutana na kujuliana hali.

Pa kupata msaada

Piga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, upate ushauri bila malipo. Kuripoti dhuluma dhidi ya mtoto, piga 116, pia bila malipo. Dalili zikiendelea kwa wiki kadhaa, nenda hospitalini. Anayefikiria kujidhuru asisubiri hata siku moja.