Moto wa Vesta na Jiko la Nyumba Yetu



Kijana mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani aliniuliza: "Maalim, yawaje watu wa Ulaya na Marekani, na elimu yao yote, wanarejea kuabudu miungu ya Warumi?" Swali hili lastahili jibu la upole, na jibu lenyewe limo jikoni.

Hapo kale mjini Roma palikuwa na hekalu la duara la Vesta, waliyedai kuwa ni mungu wa kike wa meko. Alama yake ilikuwa moto usiozimwa. Waliouangalia walikuwa wanawali sita, waliochukuliwa wangali watoto wa miaka 6 hadi 10, wakatumika miaka 30: 10 ya kujifunza, 10 ya kuhudumu, na 10 ya kufundisha wenzao. Moto ukizimika, mwangalizi wake alipigwa mijeledi; na aliyevunja ubikira alizikwa yu hai. Sikukuu yake ilikuwa tarehe 9 Juni, na punda wa vinu vya kusagia walivishwa mashada siku hiyo. Mwaka 391 Kaisari Theodosius alizipiga marufuku ibada za miungu hiyo, na haukupita muda mrefu moto ule ukazimika.

Katika zama zetu wametokea watu wanaouwasha tena. Mwaka 1998 kiliundwa Marekani chama kiitwacho Nova Roma, kwa nia ya kufufua dini ile. Wanaomtukuza Vesta leo huwasha mshumaa au taa ya mafuta nyumbani, wakamshukuru, na pengine wakamtengea sehemu ya chakula.

Wanatafuta nini? Wanatafuta baraka ya nyumba na umoja wa jamaa. Haja hiyo ni ya kweli, ila wamebisha mlango usio na mwenyewe. Moto ni kiumbe. Katika Suratul Waaqia Mwenyezi Mungu atuuliza ni nani aliyeuumba mti utoao moto huo. Nabii Ibrahim alipotupwa ndani yake haukumdhuru, kwa kuwa ulimtii Mola wake. Na Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kuuzima moto majumbani kabla ya kulala, kwa kuwa ni adui. Tazameni tofauti! Kule binti alipigwa kwa sababu moto umezimika. Huku mama auzimaye afuata Suna, na wanawe wakalala salama.

Lakini tusiwacheke watu hao. Qur'ani imetukataza kuwatukana wale waombwao badala ya Mwenyezi Mungu. Bora tujihesabu wenyewe. Yule humkumbuka kila siku asiyesikia. Nasi tunaye Asikiaye, lakini Alfajiri hutupita tumelala, chakula huliwa pasi na Bismillahi, na kila mtoto yu pembeni na sahani yake na simu yake. Mtume (s.a.w.) alizifananisha nyumba ambamo Mungu hutajwa na zile asimotajwa, na walio hai na wafu.

Basi nikamwambia yule kijana: "Mwanangu, usiku wa leo wakusanye watu wako katika sinia moja. Tajeni jina la Mola wenu, someni walau sura fupi, kisha zimeni jiko mlale." Akanyamaza kidogo, akasema: "Maalim, ni siku nyingi hatujala pamoja."

Wabillahi taufiki.