Presha inakula hata macho

Tukisikia presha tunafikiria moyo na kichwa tu. Kumbe macho nayo yanaumia, tena kimyakimya.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Huo ndio unaopokea picha ya kila tunachokiona, na unalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Presha ikikaa juu miaka mingi, mishipa hiyo inakuwa myembamba na migumu, mingine inavuja au kuziba. Mwanzoni hakuna maumivu, mtu anaona vizuri tu. Ndiyo maana daktari anamulika ndani ya jicho: pale anaiona mishipa yenyewe bila kupasua.

Wazee wetu, mkipimwa mara kwa mara mkakuta 140 kwa 90 au zaidi, fuateni dawa mliyoandikiwa. Tunajua foleni ya kliniki ni ndefu, lakini msiache vidonge eti kwa sababu mnajisikia vizuri. Wala tusigawane na jirani. Chumvi tuipunguze.

Jicho likiingia giza ghafla, au mama mjamzito akiona ukungu na kichwa kinamgonga, tusingoje kesho. Twende kliniki saa hiyohiyo.