Tuzo za Magari ya Kale: Uasili Hushinda Mng'aro

Gari kuukuu lililoegeshwa uani kwa miaka mingi huonekana kuwa mzigo usio na faida. Mnunuzi wa chuma chakavu hulipima kwa kilo, hulikata vipande, na habari zake huishia hapo. Wapo, hata hivyo, wapenzi wa magari ya kale wanaolipima gari la namna hiyo kwa mizani nyingine, na vyama vyao huwatunuku wanaoyahifadhi. Makala haya yanaeleza jinsi tuzo hizo zinavyotolewa, ili mkazi wa kata mwenye gari la aina hiyo afahamu alicho nacho kabla ya kukiuza.

Miongoni mwa vyama vikongwe ni Antique Automobile Club of America, kilichoanzishwa nchini Marekani mwaka 1935. Kwa chama hicho, gari huhesabiwa kuwa la kale linapotimiza miaka 25. Umri huo si mkubwa kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa hata gari la mwaka 1999 limekwisha kuufikia. Malori, mabasi na pikipiki nayo hupokelewa.

Katika mashindano ya chama hicho, alama za juu kabisa ni 400. Majaji hukagua sehemu nne, yaani bodi, sehemu ya ndani, chesi na injini, na kila dosari hupunguza alama. Swali linalowaongoza ni moja: je, gari liko katika hali ambayo muuzaji angelikabidhi kwa mnunuzi wake wa kwanza? Kwa sababu hiyo, rangi inayometameta kuliko ile ya kiwandani haiongezi hata alama moja, na rimu au viti vya kisasa humpunguzia mmiliki alama badala ya kumpa sifa. Pakitokea shaka, ni wajibu wa mmiliki kuthibitisha kwa nyaraka, kama vile kitabu cha maelekezo cha kiwanda au orodha ya vipuri. Usalama nao haukusahauliwa: gari lisilo na kizimamoto halikaguliwi.

Tuzo hizo hupandwa kwa ngazi. Gari huanza na ile ya Junior, kisha Senior, ndipo liweze kufikiriwa kwa Grand National. Magari kadhaa yanaweza kupata tuzo ya ngazi moja kwa pamoja, kwa kuwa kinachotazamwa zaidi ni kiwango kilichofikiwa, si nani amemshinda nani.

Ipo pia tuzo ya magari ambayo hayajafanyiwa ukarabati mkubwa na bado yana rangi, viti au injini yake ya asili. Hapo, ngozi ya kiti iliyopasuka na rangi iliyofifia si aibu, bali ni ushahidi. Gari laweza kukarabatiwa mara nyingi, lakini uasili ukiondolewa haurejeshwi. Fundi mwenye nia njema anayekwangua rangi yote ya zamani anaweza, kwa siku moja, kuondoa kile hasa ambacho kingelipatia gari heshima.

Mambo haya hayako ng'ambo tu. Jijini Nairobi, chama cha wamiliki wa magari ya Alfa Romeo kimekuwa kikiandaa mashindano ya Concours d'Elegance tangu miaka ya 1970, na magari pamoja na pikipiki hushindanishwa. Nchini Tanzania, Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yamehifadhi magari yaliyotumiwa na Mwalimu Julius Nyerere, ikiwemo Rolls-Royce. Magari hayo hutazamwa kwa ajili ya historia yaliyoibeba, wala si kwa uzito wa chuma chake.

Mkazi mwenye gari la zamani anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, atunze kadi ya gari na kuhakikisha namba ya chesi na ya injini zinalingana na zilizoandikwa humo. Uhamisho wa umiliki hufanyika kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Pili, iwapo mmiliki amefariki, familia isiuze gari kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi. Magari mengi hupotea katika kipindi hicho, na ugomvi wa ndugu hubaki.

Tatu, vipuri vya asili vinavyofunguliwa visitupwe. Taa, bampa, kabureta na nembo viwekwe pamoja mahali pakavu, vikiwa na maandishi ya kuvitambulisha.

Nne, gari liwekwe chini ya paa lenye kupitisha hewa, liinuliwe ili matairi yasibebe uzito, na nyasi zinazolizunguka zifyekwe, kwani unyevu huleta kutu na kichaka hukaribisha nyoka. Mafuta machafu yasimwagwe ardhini.

Tano, kabla ya kupaka rangi au kubadili injini, lipigwe picha pande zote, na fundi aelezwe wazi kipi kisiguswe.

Si kila gari kuukuu litapata tuzo, na mengine kweli yamefikia mwisho wake. Hata hivyo, mwenye kulifahamu gari lake huamua kwa hiari akijua anachokiacha, ilhali asiyelifahamu huamuliwa na mwenye mizani.