MAZOEZI YA MWENDO NA KUMBUKUMBU ZA WAZEE

Wananchi, na hasa watumishi wa Serikali wanaokaribia kustaafu, wanaelezwa hapa uhusiano uliopo baina ya mazoezi ya mwendo na uwezo wa kukumbuka uzeeni. Mazoezi hayo ni yale yanayoharakisha mapigo ya moyo na pumzi kwa muda, kama vile kutembea kwa haraka, kuendesha baskeli, kulima na kuogelea. Alama yake ni kwamba mtu huweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba.

Katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, Mkoani Manyara, mwendo ni sehemu ya maisha. Wakaazi wa Gitting, chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, hupanda na kushuka miteremko katika shughuli za kila siku. Kwa jirani zao Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mtu hushughulisha mwili kwa wastani wa dakika 135 kwa siku, wazee wakiwemo, na shinikizo la damu ni nadra. Utafiti huo ulihusu moyo, haukupima kumbukumbu.

Kuhusu kumbukumbu, utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliwafuatilia wazee 120 kwa mwaka mmoja. Waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, hipokampasi yao, yaani sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, iliongezeka kwa kiasi cha asilimia 2. Ya wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu ilipungua. Hata hivyo, utafiti mwengine wa nchi hiyo, uliotolewa mwaka 2022 na kuhusisha watu 585 wenye umri wa miaka 65 hadi 84, haukuona kumbukumbu zikiimarika baada ya miezi sita ya mazoezi.

Kwa hivyo mazoezi si dawa ya kurejesha kumbukumbu zilizopotea. Faida yake iliyo dhahiri ni kulinda mishipa ya damu, ambayo huharibiwa na shinikizo la damu na kisukari, na ubongo hutegemea mishipa hiyo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri mazoezi kwa ajili ya kupunguza hatari ya kupungukiwa na akili uzeeni. Kiwango kinachoshauriwa ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki.

Asiyezoea aanze na dakika 10 kwa siku na kuongeza kidogo kidogo kila wiki. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au kisukari aonane kwanza na daktari, wala asiache dawa zake. Aidha, mzee anayepotea njia aliyoizoea, au anayesahau majina ya watu wa nyumbani mwake, apelekwe hospitali. Hali hiyo isichukuliwe kuwa ni uzee tu.