Mwalimu Asiye na Ubao

Kusikia si kuona, walinena wahenga. Nami kwa miaka mingi niliyofundisha Jiografia, niliwasikizisha wanafunzi habari za barafu pasipo kuwaonyesha hata chembe yake. Nilichora ubaoni bonde lenye umbo la herufi U, nikaandika maelezo, nao wakanakili. Mtihani ulipofika walilichora tena, wakapewa alama. Shule yetu haikuwa mbali na Naro Moru. Asubuhi isiyo na mawingu, kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, kilionekana kutoka uwanja wa gwaride. Hakuna aliyeuliza kwa nini tusiende huko. Wala mimi sikuuliza.

Mmoja wa wanafunzi hao, binti wa mkulima wa viazi, alihitimu majuzi shahada ya ualimu. Babake aliuza ng'ombe wawili kumlipia karo. Ukoo mzima ulitarajia kwamba angejisajili na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kisha angojee chaki. Kujisajili alijisajili. Lakini badala ya kuketi nyumbani akisubiri tangazo la kazi, alijitwika shanta akaenda kujifunza kuongoza vijana milimani. Siku hizi, shule zifungapo mwezi wa Aprili na Agosti, yeye huwa Mlima Kenya na makundi ya wanafunzi. Zikifunguliwa, mara nyingi hana kibarua.

Babake alinijia na uchungu moyoni. "Mwalimu, wewe ndiwe uliyemfunza," akaniambia. "Mwambie mtoto aache mchezo."

Sikumwambia. Niliomba kwanza kufuatana na kundi lake, nione mchezo wenyewe.

Siku ya kwanza tulilala mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, na ya pili tukapanda kuelekea Bonde la Teleki. Binti alimweka mbele kijana aliye mzito wa miguu kuliko wote, akaamuru asipitwe na yeyote. Yeye mwenyewe alitembea nyuma kabisa, pamoja na mimi mzee. Nikakumbuka darasa langu, ambamo wepesi walikwenda mbio nasi walimu tukiwafuata, huku wazito wakiachwa njiani hadi matokeo yatangazwe.

Jioni, tukiwa yapata mita 4,200, alipita hema kwa hema akimwuliza kila mmoja hali yake. Kijana mmoja, anayeongoza darasani kwao, alijibu kwamba ni mzima. Hakula. Binti alimketisha kando, akamhoji kwa upole hadi akakiri kwamba kichwa kilimpasuka tangu adhuhuri na ametapika mara mbili. Maradhi ya mwinuko dawa yake ni kuteremka, na mwenye kuyaficha aweza kufa. Kijana alilia, akasihi aachwe afike Lenana na wenzake. "Mlima hauhami," binti akamjibu, akamteremsha usiku ule ule pamoja na msaidizi mmoja. Asiyewahi kushindwa mtihani alifunzwa kusema "siwezi" wakati kusema hivyo ndiyo akili. Mimi sikupata kufundisha somo hilo.

Asubuhi niliinua macho nikaliona bonde langu la ubaoni, kuta zake zimesimama kila upande na sakafu yake pana. Nililiona nikiwa nimestaafu! Binti akawaeleza wenzake kwamba mito ya barafu iliyohesabiwa 18 mwaka wa 1899 mingi imetoweka, na Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, umebaki vipande. Wakahoji maswali ambayo mimi sikuwahi kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbilia Uingereza, alisaidia kuanzisha shule ya Outward Bound kule Wales mwaka wa 1941, na miaka ya 1950 shule kama hiyo ikafunguliwa Loitokitok. Lakini mtoto mchungaji aliyejua nyasi, mawingu na nyayo za chui alifunzwa wapi kama si nje? Na vilabu vya wanyamapori vilivyoanza nchini mwaka wa 1968 vilianzishwa na wanafunzi wenyewe.

Hata hivyo, manung'uniko ya baba yule si ya bure. Kazi ya msimu haijengi nyumba. Isitoshe, wengi wa vijana niliopanda nao walitoka shule za karo kubwa Nairobi. Watoto wa wapagazi waliotubebea mahema wanaishi chini ya mlima huo na hawajawahi kuukanyaga. Kiingilio cha mbuga, buti na blanketi vinawashinda. Naona aibu kwamba tunaimba wimbo wa mtaala wa umilisi tangu mwaka wa 2017, ilhali mwalimu aliye na umilisi huo hana nafasi katika shule yoyote ya kutwa ya Naro Moru.

Binti anataka kuanza na darasa moja la shule ya kutwa Agosti ijayo, siku tatu, hadi pale mita 3,050 tu. Ameniomba nitafute buti za kuazima. Babake bado hajaridhika. Ila juma lililopita alinipigia simu kuuliza watoto 40 hula magunia mangapi ya viazi kwa siku tatu.